Bakari Anafikiri

Mkasa huu nimezoea kuusimulia nusu, naishia pale watu wanapocheka, kwa sababu mbele ya pale hapachekeshi na aibu inabaki yangu peke yangu. Leo nausema wote, mtanisamehe.

Nilifika Nachingwea kutokea Tunduma kwa kuungaunga mabasi, Makambako, Songea, Tunduru, Masasi, na kipande cha mwisho juu ya lori la saruji, nikashuka mweupe mwili mzima kama mtu aliyekwisha kuvishwa sanda (ningekuwa na akili ningegeuza palepale). Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali mpaka majirani wanizoee. Kilichonivuta ni marehemu baba, aliyekuwa akiisimulia reli ya Nachingwea kama vile aliipanda jana, na reli yenyewe ilishang'olewa zamani. Nikaenda kutafuta tuta lake, nikaonyeshwa mahali penye mikorosho, nikasimama hapo kama mgeni aliyebisha hodi akaambiwa wenyewe walishahama.

Kazi ninayoijua ni kupanga tovuti, niliiokota kwa kuchungulia watu kwenye kibanda cha intaneti Mbeya. Hamisi, mwenye duka la fotokopi pale Nachingwea, alikuwa na tovuti ya kuchezea bao, drafti na karata, na wachezaji wake walikuwa watu wa Naipingo, Lionja, Ruangwa, pamoja na watoto wao waliokwenda Dar. Ilikuwa mbaya, jamani. Maandishi ya njano juu ya rangi nyekundu, matangazo yanawakawaka, kitufe cha "Cheza" kimebanana na cha "Toka", hivyo mzee mwenye kidole kilichokomaa kwa jembe alikuwa anatoka kila anapotaka kuingia.

"Kaka," Hamisi akaniambia, "nipangie hiki kitu mpaka bibi yangu acheze bila kuniita."

Nikapanga. Vitufe nikavikuza, matangazo nikayatoa, picha za wachezaji zilizokuwa kama punje nikazifanya kubwa. Kilichobaki kunikera ni mabao yaliyolala. Ukurasa wa kila mtu ulijaa mabao yasiyoisha, na chini ya kila moja pameandikwa "Fulani anafikiri…" Mtu kaacha kucheza tangu masika, bado anafikiri! Mimi nikauona ni uchafu. Nikaamua jambo dogo tu: mchezaji akichelewa mno, mwenzake akifungua ukurasa, mashine imchezee yule asiyekuwepo, kwa jina lake na picha yake, ili bao liendelee. Na kwa vile najipenda, nikarekodi sauti yangu mwenyewe, nikaifanya nzito kama ya mtangazaji: "Nimecheza. Zamu yako." Hamisi sikumwambia, nilitaka ashangae.

Afadhali mjue sasa kitu ambacho mimi sikukijua. Bi Somoe, muuza vitenge wa Ruangwa na mchezaji hodari kuliko wote, alikuwa na kaka yake huko Lionja, jina lake Bakari. Walikuwa wanacheza bao kwa simu kila siku. Bakari alifariki msimu wa korosho, zamu ikiwa yake. Tangu hapo Bi Somoe kila asubuhi alifungua ukurasa, akasoma "Bakari anafikiri…", akafunga, akaenda kufungua biashara. Basi, hilo tu ndilo alilobaki nalo.

Tulikodi ukumbi Ruangwa ili kuifungua tovuti mpya kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana wa jua kali, tukashusha mapazia ili picha ionekane ukutani. Mlangoni Bi Somoe akanishika mkono.

"Mwanangu fundi, mabao yangu ya zamani hujayagusa?"

"Yapo yote, mama. Yamependeza zaidi."

"Lipo moja sitaki liguswe."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikasema, na macho yangu yalikuwa kwenye spika.

Hamisi akamwomba afungue ukurasa wake, watu wote waone. Akafungua. Sura ya Bakari ikajaa ukuta mzima, kofia kichwani, tabasamu la upande mmoja. Kete zikainuka zenyewe, zikatembea shimo kwa shimo, tak, tak, tak, halafu kwenye spika ikatoka ile sauti nzito: "Nimecheza. Zamu yako."

Ukumbi ukanyamaza. Mimi nikadhani ni mshangao wa kazi nzuri (mimi huyu!), nikachukua maikrofoni nikasimama mbele ya ukuta. "Mnaona, ndugu zangu? Hata asiyekuwepo anacheza!"

Mwanamke mmoja akasema, "Yaa Latifu," akatoka akaviacha viatu vyake chini ya kiti.

"Mama Somoe, mwenzako anakusubiri, usimweke," nikaendelea.

Hamisi akaja mbio, akaninong'oneza, "Kaka, kaa chini. Yule tumemzika." Alinong'ona, lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, na spika zikaupeleka mnong'ono ule mpaka kona ya mwisho: tumemzika. Viti vikaanza kuanguka. Nikarudi nyuma, nikajikwaa, nikalishika pazia nikashuka nalo chini, jua likaingia lote kwa mpigo. Mnajua ile sura haikupotea? Ilififia tu, ikabaki pale kwenye mwanga, nyepesi, inatabasamu upande mmoja.

Bi Somoe hakukimbia. Alinijia pale chini nilipojiviringisha na pazia.

"Mrudishe."

"Nimrudishe wapi, mama?"

"Kwenye kufikiri."

Sikuwa nimehifadhi bao lilivyokuwa. Lakini wachezaji wakubwa wa huku simu hawaiamini sana, kila wanachokicheza kwenye simu wanakirudia nyumbani kwenye bao la mti, kwa kete za komwe. Bao la Bi Somoe lilikuwa mezani kwake, limefunikwa kitenge, halijaguswa tangu msiba. Tukaenda alasiri ileile. Kigoda kilichokuwa wazi ni cha upande wa pili, nikakaa. Watu wa nyumbani wakatazamana. Nikawa nahesabu kete kwa sauti huku naziandika kwenye kompyuta, shimo hili mbili, hili tupu, hili kuu la nyumba, na mlangoni alikuwa amesimama shangazi yao, bibi mzee aliyekuwepo ukumbini, ambaye Kiswahili alikitumia kwa shida.

"Sauti ndo hiyohiyo," akasema. "Ya ukutani. Na kakaa palepale."

Nikafuta ile sheria ya mashine, nikamaliza. Kwenye simu ya Bi Somoe pakaandikika tena "Bakari anafikiri…" Akaweka kiganja juu yake, akashusha pumzi.

Yule bibi akaanza kusema Kimwera, Bi Somoe akanitafsiria huku haniangalii. Kwao mtu akifa jina lake hupewa ndugu alibebe, na jina la Bakari lilikuwa halijapata mtu, wapwa wote wako mjini na hawataki. "Anasema wewe umeshacheza kwa jina lake mbele za watu, na umekaa kwenye kigoda alichokalia kila akija. Anauliza tunatafuta nini tena."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Tangu siku ile kila nikienda Ruangwa watoto wananiamkia, "Shikamoo, mjomba Bakari." Muuza karanga ananiwekea zangu pembeni, ananiambia ni zile nizipendazo, na kweli nikazipenda. Nisiwadanganye, ilikuwa tamu. Mtu niliyepita miji yote ile bila kuitwa jina! Bi Somoe peke yake hakuniita hivyo. Siku moja akaniambia taratibu, "Usilikubali kama hukai, mwanangu. Ukilichukua ukaondoka, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Nikasema nitafikiri. Neno lenyewe nililisikia likiwa limeshatoka mdomoni mwangu.

Siku ya mwisho ilikuwa sokoni Ruangwa, adhuhuri, watu wamejaa. Nyuma yangu mtu akaita, "Bakari!" Nami nikaitika, "Naam!" nikageuka. Kila mtu alikuwa na shughuli yake. Hakuna aliyenitazama, hakuna aliyefumba mdomo kama mtu aliyetoka kuita.

Ila Bi Somoe alikuwa ananitazama, kitenge alichokuwa akikikunja kimeishia katikati mikononi mwake.

"Nani kakuita?"

"Sijui, mama. Nimesikia tu."

"Mimi nimesikia wewe ukiitika, basi." Akakikunja kitenge mpaka mwisho. "Nenda, mwanangu. Nenda leo."

Nikapanda gari la Lindi na nguo nilizovaa. Godoro langu liko kwa Hamisi mpaka kesho, na kule sirudi.

Tovuti bado napanga, ndiyo kazi yangu, vitufe nakuza na rangi natuliza. Lakini aliyenyamaza namwacha na kimya chake, na sauti yangu siirekodi tena popote. Lile bao liko wazi kwa yeyote kulitazama, na mara mojamoja nalifungua. Bakari anafikiri. Nafunga upesi, nisije nikasikia sauti yangu inasema amecheza.