Poda Iliyomwagwa Mapema

Siku ya kutangazwa matokeo ya chuo chetu, mama alinimwagia poda kichwani, kama wanavyomwagiwa waliofaulu, kabla jina langu halijasomwa. Orodha ilikuwa katikati, risasi zikaanza kulia. Tukatimka, mimi nikiwa mweupe mpaka masikioni. Chuo hakikufunguliwa tena. Tangu hapo, mtaani kwetu Mbunya, watu waliniita Licencié, msomi aliyemaliza chuo, nami sikumkatalia mtu.

Miaka ikapita, amani ikaja, ile ya kulala viatu vikiwa karibu na kitanda. Nikapata kazi ya kupitisha makaratasi ya chuo hicho kwenye skana kabla mchwa hawajayamaliza. Walinisifu kwa bidii. Bidii gani! Nilikuwa nalitafuta jina langu katika kila kabrasha jipya. Nakaa, nasimama, nachungulia mlangoni kila pikipiki ikipita, narudi.

Mwalimu mmoja, mwanamke tuliyemaliza naye mwaka uleule, alikuja kutoka Gety mara tatu kuulizia matokeo yake. Bila ushahidi kwamba alifaulu, shule ingempa mwingine nafasi yake. Mara ya tatu hakukubali kurudi. Alikaa kwenye benchi akaningoja.

Saa nne asubuhi orodha ikatokea, imetafunwa pembeni. Jina lake lilikuwa mstari wa tano, kafaulu. Langu lilikuwa chini kabisa: mtihani mmoja wa kurudia.

Nilikasirika. Nilimchukia hata yeye na benchi lake. Ukurasa ulikuwa mmoja. Kuficha aibu yangu ni kumfichia mkate wake. Nikazunguka nao chumbani mpaka chai ikapoa. Halafu nikaulaza juu ya kioo, nikabonyeza.

Nilipompa nakala, kidole chake kiligusa mstari wake, kikashuka taratibu mpaka kwangu. Alinishika mkono, akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha.

Jioni nilimkuta mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikamweleza yote. Akaniambia basi niende kuurudia huo mtihani. Nikamjibu kwamba chuo hakipo, wala mwalimu wa kuusahihisha. Mchi ukasimama.

“Kumbe poda nilimwanga mbio,” akasema.

Asubuhi jirani akapita, akanisalimia kama kawaida: Licencié, habari? Kabla sijafungua mdomo, mama akamjibu kutoka jikoni.

“Inamubakilia mutihani moja.”