Sufra Niliyotandika Kasrini

Aibu hii afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Anwar, maana yeye huiongezea chumvi. Waliokuwepo siku ile ni hawa: baba, yaani bosi wangu, madam, mkewe, watoto wao Faisal, Rima na Saud mdogo, ambaye bado alikuwa wa kubebwa (na mbebaji ni mimi), Jadda, bibi yao mzaa baba, mwenye fimbo na magoti mabovu, Anwar dereva, kijana wa Bangladeshi asiyecheka mpaka mtu aanguke, na mimi Mwanamisi wa Kwale, ambaye katika nyumba ile huitwa Misi kwa sababu jina zima liliwashinda.

Ilikuwa likizo ya shule, na baba aliamua watoto waache simu wakaone majumba ya kale. Tukaanzia kwetu Riyadh, kwenye ngome ya udongo, watoto wakapanda kila ngazi iliyopo na mimi nyuma yao, Saud mgongoni, mkoba wa nepi begani, kisha jioni tukaingia garini kwenda Jeddah, safari ya kukesha, watoto wakilala kwa zamu na mimi sina zamu. Tulipofika kwenye nyumba ya kupanga nikaoneshwa jiko. Mfanyakazi wa ndani akienda likizo na tajiri wake, anachobadilisha ni jiko tu.

Lakini sikunung'unika, na sababu ninayo. Mdogo wangu wa mwisho, Mwanasha, alikuwa anaolewa. Wazazi wetu walikufa mapema, mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la saba nikawalea wenzangu mpaka wakaota ndevu na akili. Wa kumwozesha Mwanasha yupo, ami yetu. Mama wa kusimama mlangoni kupokea wageni hakuna, ni mimi. Na kule hutoki nchini bila kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, kukutolea ruhusa. Madam hakutaka. "Akienda harudi," alisema, "wote huapa hivyohivyo." Baba akaniambia, "Safari hii iishe salama, Misi, nitakutolea." Basi ile safari kwangu ilikuwa mtihani, na mimi mitihani niliiacha zamani.

Mchana tukafika kwenye kasri moja la zamani lenye bustani kubwa. Baba akasema, "Yalla, Misi, tangulia na chakula, tafuta mahali pazuri utandike. Sisi tunamshusha Jadda polepole." Madam akampokea Saud (mara ya kwanza tangu Riyadh), nami nikajitwika sinia la wali na kuku, sufra ya kutandikia chakula na kifuko cha tende kwapani, mkoba wa nepi begani, chupa ya kahawa mkononi.

Bustanini majani yalikuwa yametoka kumwagiliwa, maji matupu, na penye ukavu upepo ulikuwa unapuliza mchanga. Nikazunguka, nikazunguka, shingo inauma, mwisho nikaona nyuma ya kasri mlango mdogo uko wazi. Sasa nieleweni. Mimi nchi ile sijawahi kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele. Milango ya nyuma ndiyo yangu, nikiona mmoja uko wazi miguu inaingia yenyewe. Ningezunguka mbele kidogo tu ningesoma kibao na kuona kamba. Sikuzunguka. Nilichoka.

Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu, zulia jekundu, mito imepangwa ukutani, na karibu na meko sinia lenye dele la shaba na vikombe vidogo vya kahawa. Nikasema, mashallah, wamewawekea wageni mahali pa kulia. Vikombe vilikuwa na vumbi (nikawalaumu wafanyakazi wa hapo kwa uvivu), nikavipangusa kwa vitambaa vya Saud vya kufutia. Nikatandika sufra. Kahawa nikaihamishia kwenye dele, maana kuacha dele zuri vile ukamiminia mtu kutoka chupa ya plastiki ni kukosa adabu. Kisha nikaegemea mto nifumbe macho kidogo.

Nilipofumbua, mlango wa mbele umejaa watu. Mahujaji wa Umra kutoka Indonesia, wanawake wa makamo na wazee, mitandio ya rangi moja, wamesimama nyuma ya kamba wananipiga picha. Bibi mmoja akatoa salamu. Jamani, kama kuna jambo nililofundishwa nyumba ile ni kwamba mgeni hasimami na kahawa ipo! Nikainuka na dele mkono wa kushoto, vikombe wa kulia. "Tafadhalini, karibuni."

Kijana aliyewaongoza akaniuliza kwa Kiarabu kibovu kama changu, "Ni bure?"

"Kahawa tangu lini ikauzwa kwa mgeni?"

Akaifungua kamba mwenyewe. Wakavua viatu, wakakaa, nikamimina kidogokidogo kama inavyotakiwa, na mtu asipotikisa kikombe, ndiyo ishara ya kutosheka, naongeza. Wallahi nilinuia kahawa na tende mojamoja tu. Lakini yule bibi akafunua sinia, akanusa, akasema bismillahi, akatia mkono. Utamwambia nini mtu aliyekwisha kusema bismillahi? Mimi sikulelewa hivyo. Na wenzake wakasogea.

Ndipo nikamsikia Faisal. "Mama! Misi yuko ndani ya makumbusho! Analisha watu!"

Nikageuka. Kwenye mlango wa mbele yupo baba, yupo madam, wapo watoto na njaa yao, Anwar ameshaanza kushika mbavu, na mlinzi anakuja mbio.

"Wewe! Nani kakuruhusu? Dele hilo ni la mwenye kasri, halijaguswa tangu afe!"

Na mimi dele lenyewe ninalo mkononi, namimina (mkono ulikwisha kuanza, ikabidi umalize).

"Ikama yako!" Alitaka kibali changu cha kuishi nchini.

"Ikama mafi, sina hapa. Anayo baba."

Madam akaliangalia sinia. Mifupa. Akamgeukia mumewe. "Huyu ndiye unayetaka kumpa ruhusa? Mpe, akampakulie na rubani."

Baba hakunitazama. "Halas," akasema. "Hakuna ruhusa."

Nilimwona Mwanasha amekaa na hina zake, wageni wanabisha hodi, na mlangoni hakuna mtu.

Kisha ikasikika fimbo. Jadda aliingia taratibu kwa mlango wa mbele, akavua viatu, magoti yakalia kama kuni, akakaa karibu na yule bibi wa Indonesia, akanyoosha mkono apewe kikombe. Nikampa. Akanywa kwanza.

"Mnapiga kelele mbele ya wageni?"

"Mama, amewapa chakula chetu," baba akasema.

"Watu wa Umra ni wageni wa Mungu. Ulitaka awaambie nini, wateme?" Akamtazama mlinzi. "Na wewe mwanangu, hebu kula tende. Hasira na njaa ni ndugu."

Mlinzi akaipokea. Mahujaji hawakuelewa neno hata moja, wakainua mikono wakatuombea dua ndefu, na baba ikabidi aitikie amina, na madam pia, kwa meno.

Garini watoto wanatafuna biskuti, Anwar mabega yanamtetemeka. Jadda akakohoa. "Mpe ruhusa. Atarudi. Dhamana ni mimi." Kisha akanigeukia. "Lakini una deni langu. Wageni wameshiba, mimi nimeambulia kahawa ya baridi."

"Jadda, nitakupikia leo hii."

"Wali wa jiko la mwanangu ni wangu tayari. Nataka wa kwako, nyumbani kwako, nikae mimi kama mgeni, umimine wewe."

Nikaenda, nikasimama mlangoni siku ya Mwanasha mpaka visigino vikavimba, na nikarudi kazini siku niliyoahidi, maana jina la Jadda lilikuwa rehani. Nimeapa siingii tena mlango wa nyuma ulio wazi kabla sijazunguka kuona mbele kuna nini.

Ila deni sijalipa. Kule Kwale najenga, tofali kwa tofali. Kila nikimkanda magoti Jadda huniuliza, "Paa?" Namjibu, "Bado, Jadda." Naye husema, "Fanya haraka, haya magoti hayasubiri." Fundi alinishangaa kwa kutaka mlango kabla ya bati, lakini nilimwambia autie tu, wa mbele, mpana, umtoshe bibi na fimbo yake. Upo, umesimama. Paa bado.