Shangazi Mghoi na Tanga Alilolishona

Turubai iliyokaa juani kutwa ina harufu yake: mafuta kidogo, vumbi, na kitu kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hiyo ya mshumaa ni nta ya uzi. Wiki jana lori lilisimama mbele yangu hapa Voi, karibu na njia panda ya kwenda Taveta, dereva akashuka kununua machungwa, na harufu hiyo ikanifikia kabla sijalitazama lori lenyewe. Bila kufikiri nikaanza kukagua pembe za turubai yake. Zilikuwa zimeshonwa ovyo. Nilijua shangazi angesema nini, na neno lenyewe siwezi kuliandika hapa.

Shangazi Mghoi, dada mdogo wa baba yangu, alikuwa fundi wa turubai za malori. Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, nikueleze kidogo. Lori likibeba simenti au mahindi hufunikwa, na upepo wa barabara kuu huipiga turubai saa baada ya saa. Mahali pa kwanza kuchanika ni kwenye pembe, pale kamba inapovuta. Kwa hiyo pembe hukunjwa mara tatu, hupitishwa kwenye cherehani nzito, kisha humaliziwa kwa mkono, kwa sindano nene na kipande cha ngozi kilichofungwa kiganjani ili sindano isikutoboe. Shangazi alikuwa na kibanda cha mabati karibu na maegesho ya malori. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nikitoka shule nilipitia kwake kushika upande wa pili wa turubai isiburute chini, naye alikuwa ameniahidi kwamba likizo ya Agosti ikifika atanifundisha kushona pembe. Niliingoja Agosti hiyo kama watoto wengine wanavyongoja Krismasi.

Mwaka huo wageni wawili wazee, mke na mume, walipita Voi wakitoka Tsavo kutazama ndovu. Mzee alimwona shangazi akishona, akasimamisha gari, akaja akauinamia mshono na miwani yake kama mtu anayesoma barua. Walikuwa na boti ya tanga Kilifi, na tanga lao kubwa lilikuwa limepasuka. Wiki iliyofuata lililetwa kwa basi, limekunjwa kama godoro. Kibandani halikuenea, kwa hiyo shangazi akalitandaza uani kwetu, na mama akakosa pa kuanika nguo kwa siku tatu.

Shangazi alilirudisha mwenyewe Kilifi. Akarudi Voi Jumatatu akiwa mkimya. Akaenda tena, na tena. Halafu alasiri moja dereva mmoja mtani, tuliyemwita Musa wa Simenti, akaniuliza, "We Mkamburi, shangazi yako akienda majuu, hizi turubai utatushonea wewe?"

Nikacheka. Kisha nikamtazama shangazi, naye akawa amekiinamisha kichwa kwenye cherehani ambayo haikuwa na kitu chochote cha kushona. Ndivyo nilivyojua.

Wale wazee walikuwa wanavuka bahari, kwanza hadi Shelisheli, na kutoka hapo hadi Sri Lanka, na walihitaji baharia mmoja wa kuwasaidia. Baharia wa boti ndogo kama ile si mtu wa kofia na sare. Boti ikiwa baharini haiegeshwi kando ya njia watu wakalala. Lazima kila saa awepo mtu aliye macho, aushike usukani, autazame upepo, aandike kwenye daftari la zamu, kisha amwamshe mwenzake. Watu wawili wa umri ule hawawezi kupokezana hivyo kwa wiki nyingi. Kazi ya shangazi ilikuwa kukaa macho wengine wakilala, kupika kwa zamu, na kushona kitakachochanika.

Sasa kila mtu Voi akawa na maelezo yake ya kwa nini mtu mzima mwenye kazi aende kukaa juu ya maji. Mama alisema anakimbia maswali ya ndoa. Musa wa Simenti alisema akifika huko hatarudi, atapata makaratasi. Jumapili ile pasta alihubiri habari za Yona, akaitazama dari muda wote ili asionekane anamtazama shangazi, ambaye alikuwa ameketi safu ya pili. Nilisikiliza maelezo yote hayo, nikajitungia yangu: anaenda kwa sababu hanitaki. Na siku moja, nimeshika turubai, nikasema moyoni kwa maneno kamili: basi aende, na asirudi.

Kabla ya kuondoka tulipanda milimani kwa nyanya, upande wa Wundanyi. Nyanya alikuwa ameiona bahari mara moja tu, kwenye harusi Mombasa, na haikumpendeza. "Maji yote yale," alipenda kusema, "na huwezi kunywa hata kikombe." Asubuhi ile tulikaa sebuleni, naye akamwuliza binti yake mbele ya watu wote.

"Unaenda kutafuta nini?"

"Sitafuti kitu, Mama."

"Basi unakimbia nini?"

"Sikimbii."

"Mtu haendi tu, Mghoi! Hata mbuzi akitoka ana anachokifuata."

Shangazi aliitazama mikono yake. "Miaka yote hii nashona, Mama. Nikimaliza, lori linaondoka. Linaenda Malaba, linaenda wapi, mimi sijui kama mshono ulishika. Lile tanga nimelishona mimi. Nataka nikae chini yake upepo ukilipiga."

Baba alikohoa. Mimi nilikuwa na hasira mno hata sikuyaelewa maneno hayo, lakini niliyakumbuka.

Ndipo nyanya akaagiza kikombe. Kwetu Wataita kuna desturi ya kutasa, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Hasira ya ndugu ikifichwa moyoni, humfuata anayesafiri na kumdhuru, hata kama mwenye hasira hakumtakia mabaya. Kwa hiyo kabla ya safari kila mmoja hutaja kilichomuudhi, hupiga funda la kinywaji, hulipuliza nje kama manyunyu, na kusema kwamba kama kulikuwa na kitu moyoni, kimetoka. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Nyanya na kanisa walikuwa wamepatana muda mrefu kwamba itakuwa maji, na baba atamalizia kwa zaburi.

Nyanya alipuliza. Baba alipuliza, baada ya kutaja jambo la ng'ombe ambalo hata shangazi alikuwa amelisahau. Mama alipuliza kidogo, kwa adabu, na kutaja zile siku tatu za nguo. Kikombe kikanijia. Nilikuwa nimekinyooshea mkono baba alipokitwaa na kukiweka mezani.

"Hawa watoto hasira yao ni ya chakula tu," akasema, na watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kuchekea. Shangazi hakucheka. Alinitazama. Nami nikatazama zulia.

Akaenda. Walipofika Shelisheli alipiga simu, na baba akanipa.

"Mkamburi, umekula nini leo?"

"Ugali," nikasema, nikairudisha simu.

Kutoka hapo, baba alitueleza, hakungekuwa na simu kwa siku ishirini hivi. Alikuwa akizikata kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya ishirini ikapita, na ya ishirini na tatu. Siku ya ishirini na sita baba aliacha kukata. Aliiacha tu kalamu ikining'inia kwenye kamba yake. Shuleni nilikaa nikiyarudia maneno yangu. Nilikuwa nimesema asirudi, na kikombe kilinipita. Watu wote walikuwa wametoa hasira zao isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Wakati huo nyanya alikuwa ameteremka Voi kwa kliniki ya macho. Siku ya kliniki, baada ya kurudi, alikaa uani akichagua pojo, kwa vidole zaidi ya macho. Nikaketi karibu naye nikamwambia yote. Hakuinua kichwa.

"Ulisema asirudi, au ulisema afe?"

"Asirudi."

"Hayo ni mawili tofauti," akasema, akatupa jiwe dogo. "Lete kikombe."

Nikaleta. Nilitaja kosa la shangazi: kwamba aliniahidi pembe ya turubai na hakunifundisha, na kwamba habari za safari nilizipata kwa Musa. Likisemwa kwa sauti lilikuwa kosa dogo kuliko nilivyotarajia. Nikapiga funda, na kwa woga nikalimeza.

"Umeirudisha ndani," akasema nyanya. "Tena."

La pili nililipuliza kwa nguvu zote, likalowesha pojo na uso wake. Akajipangusa kwa ncha ya leso.

"Imetoka?"

"Sijui, nyanya."

"Rudia mpaka ujue."

Nilirudia mara nne. Pojo ilibidi zianikwe upya. Siku tatu baadaye simu ya baba ililia, na alipomaliza kuongea na shangazi alikwenda jikoni akazikata siku zote zilizosalia kwa mstari mmoja.

Shangazi alirudi Desemba, ameiva kwa jua, anatembea ametanua miguu kama aliye bado botini. Siku ya pili alifungua kibanda, akanikalisha kwenye cherehani, akaniwekea kipande cha turubai mbele. Alinifundisha pembe wiki nzima, akinifumulia kila nilipokosea. Nilidhani tu kwamba hana wateja bado. Mwaka uliofuata alivuka bahari nyingine, na baadaye nyingine tena, na watu wa Voi wakachoka kutafuta sababu.

Nilikuwa mtu mzima nilipolisoma daftari la zamu zake za safari ile ya kwanza. Yule mzee alimwambia aandike kwa lugha anayowazia, kwa hiyo liko kwa Kiswahili. Nilikuwa na kadi ya kliniki ya nyanya, nikazilinganisha tarehe. Katika zile siku za kimya nilitarajia dhoruba. Nikakuta ukurasa baada ya ukurasa: "Hakuna upepo. Boti imesimama. Nimekagua mshono, uko sawa." Hawakuwa hatarini hata siku moja. Siku niliyopuliza maji juu ya pojo ameandika: "Upepo umerudi kidogo. Manyunyu saa tisa. Mshono uko sawa. Nimefua." Sijui la kusema juu ya hilo, na sitasema.

Nilichokielewa ni kwamba jibu alilompa nyanya lilikuwa jibu lote. Kila zamu, mchana na usiku, kuvuka bahari nzima, alikagua kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, akaona kimeshika. Halikuwa jambo la kumkimbia mtu, wala la kutomtaka mtoto wa kaka yake.

Kisha nikarudi nyuma hadi siku ya Shelisheli. Ameandika hali ya upepo, na maji waliyonunua. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kazi: "Nimeongea na Mkamburi. Amekula ugali. Bado amenikasirikia, na ana haki. Nikifika nyumbani nianze na pembe."