Shemeji Alinifungia Chini ya Sakafu kwa Sababu Nilimkataza Kuuliza

Skrubu ilitokeza kwenye ubao, vidole viwili tu juu ya pua yangu.

Nikapiga kelele. Ikatokeza nyingine.

Aliyekuwa akizikaza ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Na jamani, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anafuata maagizo yangu mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa vigae. Tulipata kazi ya kuweka vigae vya mawe sebuleni, kwenye nyumba ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, pande zote za chini zimezibwa kwa matofali. Wenye nyumba walisafiri, wakatuachia funguo.

Sasa, jiwe halina utani na mbao. Ubao ukicheza kidogo tu, kigae kinapasuka. Kwa hiyo unakaza kwanza kila ubao kwenye mihimili yake, unafunika kwa plaiwudi, ndipo uanze habari za gundi.

Shemeji tunamwita Kesho, maana kila kazi kwake ni "tutamalizia kesho." Halafu maswali! "Shemeji, niweke hapa? Shemeji, hii inatosha?" Kutwa nzima.

Asubuhi ile nilimfokea mpaka mate yakaruka.

"Ubao ukicheza, kaza! Ukikuta pako wazi, funga! Na usiniulize kitu!"

"Sawa, shemeji."

Akatoka kwenda dukani kufuata skrubu, kichwa chini. Mimi moyoni nilishaamua: jioni namfukuza kazi. Hata maneno nilikuwa nimeshayapanga.

Alipotoka, nikang'oa mbao mbili za pembeni, nikazama chini na tochi na koleo la kung'olea misumari kukagua kama mihimili imeliwa na mchwa. Koti langu, simu ikiwa mfukoni, nililiacha dirishani.

Kule chini hakuna kukaa. Ni kutambaa kwa tumbo. Nikafika upande wa mbali kabisa, nikajigeuza chali nichunguze mhimili.

Mara mwanga wa pale nilipoingilia ukapotea.

Kesho alikuwa amerudi. Amekuta pako wazi, amefunga. Hakuuliza.

Mwanzoni nilicheka. "Wee Kesho! Fungua, mimi nipo huku!"

Drili ndiyo iliyonijibu. Nikajua ameshaziba masikio kwa visikilizi vyake, anasikiliza mpira.

Nikagonga kwa ngumi. Nyayo zikaja mpaka juu yangu, zikasimama. Nikasema afadhali.

"Kumbe na huu unacheza," akasema. Akashindilia skrubu mbili.

Nikagonga tena. Akakaza tena. Kila nikigonga, anakaza. Lo, mchimba kisima huingia mwenyewe!

Hapo kicheko kiliisha. Vumbi limejaa kooni, mhimili umenikalia kifuani, hata kujigeuza siwezi. Matundu ya hewa hayapitishi hata ngumi, na yanatazamana na ukuta mtupu. Huyu akimaliza plaiwudi anafunga mlango anaenda zake, na wenye nyumba hawarudi mpaka wiki iishe.

Nililia. Sitaficha.

"Mungu wangu," nikaomba, "mrudishie uvivu wake. Leo tu. Aseme kesho."

Wapi! Simu yake ikaita. Mtu akiziba masikio huongea kama yuko sokoni, kwa hiyo nilisikia kila neno. Alikuwa mdogo wangu.

"Kaka yako katoka, sijui kaenda wapi. Hapana, mke wangu, leo sipumziki. Nataka akirudi akute sakafu haitikisiki. Labda leo atanisifu kidogo."

Maneno yale yaliniuma kuliko lile vumbi.

Kisha nikasikia plaiwudi ikiburutwa. Ikatua juu yangu, na ule mwanga mdogo wa kwenye nyufa ukazimika. Skrubu ndefu ikatokeza ikizunguka. Sijui akili ilitoka wapi: nikaibana ncha kwa koleo, nikang'ang'ania kwa mikono miwili.

Drili ikanguruma, ikakwama. Akajaribu tena. Ikakwama tena.

Akaiweka drili chini.

Nilijua anawaza nini. Kazi imemshinda, na kuuliza amekatazwa.

Ndipo simu yangu ikaanza kuita pale dirishani.

Alikuwa ananipigia mimi.

"He! Simu yake si hii hapa? Na koti... Shemeji? Shemeji!"

Alikuwa ametoa visikilizi. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Alifungua skrubu mpaka betri ya drili ikaisha, akamalizia kwa bisibisi. Aliponivuta nje, mweupe kwa vumbi kama nimetoka kwenye mfuko wa saruji, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Shemeji, usinigombeze. Najua ulisema nisikuulize."

Hotuba yangu ya jioni yote ilinitoka kichwani. Nilimkumbatia pale pale sakafuni, tukalia kama watoto.

Tulipotulia, akanitazama kwa woga. "Shemeji, hizi mbao tuzirudishie sasa hivi, au..."

"Kesho," nikamwambia.

Ndugu msomaji, una watu chini yako, iwe kazini au nyumbani? Waache wakuulize, hata wakikuchosha. Ukiwazoesha kunyamaza, siku utakayokwama utagonga mpaka ngumi zichubuke, na wao watakaza tu, kama ulivyowaagiza.