Siasa Niliyofanya Nikimzika Baba

Mimi sijawahi kugombea hata uongozi wa chama cha akina mama cha kununuliana sufuria. Nalisema hilo mapema, kwa sababu kwenye faili yangu kule kiwandani imeandikwa kwamba mimi ni mtu wa siasa.

Kiwanda chenyewe kinatengeneza sabuni, hapa hapa Kisumu. Nilikuwa msimamizi wa zamu upande wa kufunga katoni, miaka kumi na mmoja. Kisha wenye kampuni wakaiuza, walionunua walitoka ng'ambo, na wakaja na kitabu chao. Kurasa arobaini kuhusu michango ya kisiasa na mwenendo wa mfanyakazi katika siasa. Tulikusanywa ukumbini, tukapewa soda na mandazi, halafu afisa wa maadili, dada mmoja aliyetumwa kutoka Nairobi, akatufundisha namna ya kuishi bila siasa. Kisumu! Mahali ambapo hata ukienda kununua nyanya, unaulizwa kwanza utampigia nani kura.

Alisema mfanyakazi haruhusiwi kumchangia mgombea kwa pesa, kwa mali, wala kwa nguvu zake. Fundi wetu wa mashine akainua mkono. "Madam, gari ya mgombea ikikwama kwa matope mbele ya boma yangu, na mimi niisukume?"

Dada akapekua kitabu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anakiamini tu. "Hizo ni nguvu zako," akasema. "Huo ni mchango."

"Na nikikataa kusukuma?"

Akapekua tena. "Hapo utakuwa umeonyesha upande."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaza fomu kwanza."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama mmoja wa jikoni akauliza kuhusu leso yake yenye picha ya mgombea, akajibiwa kwamba anaweza kujifunga nyumbani mradi pazia limefungwa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikujua kicheko kile kingenitokea puani.

Mwaka wa uchaguzi ulipoanza kunukia, baba yangu akafariki. Alikuwa mwalimu mstaafu, nyumbani kwetu ni Nyakach, mbele kidogo ya Katito. Nilipoenda kuomba ruhusa ya kumzika, niliambiwa ruhusa ya siku si tatizo. Tatizo ni kwamba mkutano wowote ambao huenda ukahudhuriwa na mgombea lazima utangazwe siku saba kabla, pamoja na orodha ya wagombea wanaotarajiwa.

"Huu si mkutano," nikamwambia dada wa maadili. "Ni mazishi."

"Mgombea atakuja?"

Loo, swali gani hilo! Kwetu mgombea haalikwi mazishini. Hema likisimama tu, anajua. Marehemu anaweza kuwa hajawahi kumwona maishani, lakini siku hiyo utamsikia akisema walikuwa kama ndugu. Nikamweleza hivyo. Akaandika: "Wagombea wasiojulikana, idadi isiyojulikana." Kisha akanipa masharti mawili. Kwanza, niandike kwenye ratiba ya mazishi kwamba hakuna siasa. Pili, mgombea akianza siasa, mimi nijitenge naye waziwazi. Nikatia sahihi. Nina watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga, ningefanya nini?

Lakini kilichonikosesha raha wiki ile hakikuwa kitabu cha dada. Kilikuwa mama yangu. Mama si msemaji. Kanisani huketi nyuma, na kwenye vikao vya ukoo husikiliza tu. Safari hii alisema anataka kuongea. Tukamwekea dakika kumi kabla ya mahubiri, na kila asubuhi nilimsikia jikoni akijaribu maneno yake, anakwama, anaanza upya. Nilijiapia kwamba hata dunia ipinduke, mama yangu angeongea siku hiyo.

Siku yenyewe mambo yalienda vizuri hadi saa saba na nusu. Mama alikuwa ameshasimama, ameshajitupia leso vizuri begani, mkono umenyooshwa kupokea kipaza sauti. Ndipo magari yakaingia. Saba. Vumbi likatua juu ya wali. Mheshimiwa, yule aliyekuwa akitafuta kurudi bungeni, akashuka na watu wake. Na kutoka gari la pili akashuka nani? Meneja mkuu wa kiwanda chetu. Ndiyo, mwenyewe, mzaliwa wa huku huku ziwani, kwenye msafara, suti ya kijivu, miwani ya jua. Alikuja kunipa pole kwa niaba ya kampuni, alisema, na walikutana tu njiani. Walikutana njiani ndani ya gari moja.

Mshereheshaji alimpokonya Mama zamu yake kwa tabasamu. "Mama, keti kidogo, tumpe mheshimiwa dakika mbili, ana mazishi mengine." Mama akaketi. Yeye ndiye mjane, na ndiye aliyeambiwa aketi.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti. "Sikuja hapa kufanya siasa," akasema. Wallahi, ukisikia maneno hayo Nyanza, tafuta kiti. Alitueleza barabara aliyoileta, ambayo magari yake yalikuwa yametoka kurukaruka juu ya mashimo yake. Alitueleza mpinzani wake ni mtu wa aina gani na hata mama wa mpinzani alikuwa mtu wa aina gani. Alilitaja jina la baba mara moja, na akalikosea. Dakika thelathini na tano. Mchungaji alikuwa anatazama saa, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, na wazee wa boma walishaanza kunong'ona kwamba mwili lazima uingie ardhini kabla ya mvua. Mshereheshaji akaja akaninong'oneza: "Mambo ya Mama tutayaruka."

Tutayaruka! Niliinuka, nikapita mbele ya jeneza, nikamfikia mheshimiwa, na nikachukua kipaza sauti mkononi mwake. Sikumtukana. Nilisema, "Asante, Mheshimiwa, sasa ni zamu ya mwenye msiba." Nikampelekea Mama. Watu wengine wakapiga makofi, na katika watu mia kadhaa hapakosi mmoja mwenye simu inayorekodi.

Jumatatu nilikuta barua mezani. Jumatano nikaketi mbele ya meneja mkuu na dada wa maadili. Kosa langu: uhasama wa wazi dhidi ya mgombea, na kwa hiyo kumuunga mkono mpinzani wake.

"Mlisema nijitenge naye waziwazi," nikasema.

"Tulisema ujitenge," dada akajibu. "Hatukusema umnyang'anye."

"Ningejitenga vipi?"

"Ulikuwa na hiari ya kuondoka mahali hapo."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ananiambia niondoke kwenye mazishi ya baba yangu, nimwachie mheshimiwa jeneza.

"Na meneja?" nikauliza. "Alishuka kwa gari gani?"

Meneja mkuu akakohoa. Dada akasema kifungu hicho hakihusu wakuu, uhusiano mwema na viongozi una sura yake kitabuni. Akageuza kompyuta, akacheza ile video. Ikafika pale mkono wangu unaposhika kipaza sauti, akaisimamisha. Mimi pale nilionekana mwizi kabisa.

"Endeleza," nikamwambia.

"Haihitajiki."

"Endeleza, tafadhali. Mnanihukumu kwa nusu."

Akabonyeza. Mama akatokea, mdogo, kipaza sauti kikubwa kuliko uso wake. Akaongea kwa Dholuo. Dada hakuelewa, akamgeukia meneja mkuu. "Anasema nini?"

Meneja mkuu alielewa kila neno. Nilimwona akielewa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Ni mambo ya nyumbani tu."

Basi nikatafsiri mimi. "Anasema mume wake hakuwahi kunywa chai kabla yeye hajaketi. Hata awe na haraka ya shule, hata chai ipoe, alikuwa anamngoja. Miaka arobaini na mmoja. Anasema sasa anaketi, na hakuna wa kuanza kunywa. Anamwambia asante kwa kumngoja. Basi, ameshamaliza."

Dada alifunga kompyuta taratibu. Nafikiri macho yake yalilowa, ila sitampa sifa ambayo sina hakika nayo. Alisema kuna njia ya kulimaliza jambo hili kwa upole. Mheshimiwa alikuwa na mkutano wa hadhara Jumamosi. Ningepanda jukwaani nikiwa na sare ya kampuni, nimwombe radhi mbele ya watu, na faili lingefungwa.

"Kupanda jukwaa la mgombea si marufuku?" nikauliza. "Kurasa ngapi zile? Arobaini?"

"Hapo utakuwa umetumwa na kampuni," akasema meneja mkuu. Lilikuwa neno lake la kwanza la maana siku hiyo. "Kampuni ikikutuma si siasa."

Nilifikiria ada ya shule. Nilifikiria kodi ya nyumba. Nisijifanye shujaa: nusu yangu ilikuwa tayari kupanda jukwaa hilo. Kisha nikamwona Mama akiambiwa aketi. Nikasema siendi.

Unga ukamwagika Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana. Walinipa barua na katoni moja ya sabuni.

Niliipeleka Nyakach kesho yake. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Nilimweleza yote, polepole, maana niliogopa atajilaumu. Hakujilaumu. Alikunja shuka hadi mwisho, akaliweka juu ya mengine, ndipo akauliza.

"Nyathina, mwanangu, wewe wamekuandikia barua ya kukufukuza. Na yule aliyepiga siasa juu ya jeneza la baba yako, yeye wamemwandikia?"

"Wamemwandikia, Mama."

"Ya nini?"

"Ya kumwomba radhi," nikasema. "Kwa niaba yangu."