Chakula cha Nyumba ya Msiba

Ukumbi wetu wa maombi uko nyuma ya hekalu, katikati ya mji wa Nakuru, na mgeni akiuona kwa nje atadhani ni ghala. Sisi Wahindu wa hapa tumeoana humo na tumegombania uenyekiti humo. Wenye maduka wasiosalimiana mwaka mzima huketi bega kwa bega humo, kwa sababu mikeka haitoshi. Lakini mimi nikiulizwa, kiini cha ukumbi huo ni jiko lake. Akifa mtu, nyumbani kwake moto hauwashwi siku za msiba. Chakula hutoka ukumbini: mchele na ndengu zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika, bila kitunguu, maana mwenye msiba hana hamu ya kutafuna.

Aliyekipika chakula hicho miaka yote ni mama yangu. Hakulipwa, na ole wako uguse mwiko wake.

Baba alifariki asubuhi, hospitalini. Nilitoka Njoro ninakofundisha, nikiendesha gari polepole, na njiani nikasimama kununua maziwa. Sikuhisi kitu. Mwili ungeletwa nyumbani saa saba ili mama aagane nao, kisha upelekwe kuchomwa. Nilifika nikakuta mlango wazi na mama hayupo. Jirani alisema amemwona akielekea ukumbini. Hapo nilikasirika, na nilishukuru kwamba angalau naweza kukasirika.

Nilimkuta jikoni amechomeka pindo la sari kiunoni, anachagua mchele kwenye ungo. Msaidizi wake, mzee wa Vihiga aliyefanya kazi naye tangu nikiwa mtoto, alikuwa anawasha jiko. Mama alikuwa amemwambia tu kwamba kuna kifo. Hakusema ni cha nani.

Kabla sijafungua mdomo, mzee akauliza, "Mama, hiyo nyumba iko na watu wangapi?"

"Wawili," mama akajibu papo hapo, kwa sauti yake ya kazi.

Mzee akaanza kupima ndengu. Nikasogea karibu.

"Ni mmoja, mama," nikasema.

Mkono wake ukasimama kwenye mchele. Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaweka kikombe chini polepole. Alikuwa ameelewa.

Mama hakulia. Alirudisha mchele guniani, konzi baada ya konzi, mpaka ukabaki kidogo tu. Akamwambia mzee alete sufuria ndogo.

"Ndogo hatuna, mama," mzee akasema. "Hii ndiyo ndogo. Inapika ya watu hamsini."

Mama akaketi juu ya gunia.

"Sasa huyo mmoja atakuwa akila na nani?" akaniuliza.

Nilijua jibu analolingoja. Nyumba yangu ya Njoro ina vyumba vitatu na nakaa peke yangu. Nilimwambia saa saba inakaribia, tutachelewa.