Taa Nne za Arlette

Wewe ukiwa njiani usiku, unawasha taa ili uone, au unazizima ili usionwe? Jibu haraka, kwa sababu kwenye barabara ninayoizungumzia dereva hapewi nafasi ya kufikiri. Mimi swali hilo lilinijia nikiwa nimeshachelewa, na yule aliyepaswa kuulizwa alikuwa ameondoka saa mbili zilizopita.

Nataka kueleza habari za Arlette, fundi wa umeme wa hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Meza yake iko chini ya bati kwenye njia inayoteremka bandarini. Ana miaka thelathini na sita, na jino moja la mbele limevunjika kwa kumenya waya. Ukimpa kisu anakurudishia.

"Kisu kinakata mpaka shaba ya ndani," husema. "Jino linajua fasi ya kusimama."

Alizaliwa Ubwari, mtoto wa mvuvi wa ndagala. Ndagala huvuliwa kwa mwanga: mtumbwi unakaa ziwani usiku mzima, taa zinamulika maji, samaki wanapanda kuufuata. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi ni taa za batri, na kutoka Ubwari hadi Kazimia nyingi zimefungwa na mikono ya Arlette. Kazi hiyo ilimfundisha sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja: hafungi swichi. Swichi ikiingia maji inaoza, taa inazimika katikati ya usiku, samaki wanatawanyika na nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo yeye huunga waya moja kwa moja kwenye batri, anakaza kwa nati, kisha anapaka lami. Anayetaka kuzima asubuhi afungue nati kwa ufunguo namba kumi. Wavuvi wakitaka kumsifu husema taa ya Arlette haijui kuzimika.

Mdogo wake, Bertin, ni dereva wa kituo cha afya. Anaendesha moto, yaani pikipiki, yenye magurudumu manne iliyoachwa na mradi fulani uliofunga virago, na watu wameibatiza Miguu Ine. Nyuma ya kiti wamefunga godoro jembamba. Bertin hupanda nayo milimani, kupita mji wa Fizi, kwenye vijia ambavyo gari haliwezi, kuwateremsha wanawake walioshindwa kujifungua. Taa yake ya mbele ilikuwa imefifia kama jicho la mzee. Mwezi wa tatu alitumbukia mtaroni na mgonjwa nyuma yake.

Nilipopata habari hiyo nilichemka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimesoma Bukavu, na siwezi kuvumilia nchi inayochimba dhahabu halafu mwanamke mwenye uchungu anasafirishwa gizani. Nilimwandikia daktari wa kituo kurasa mbili. Nilipita kanisa kwa kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, nikiomba michango, nikahubiri mwanga kuliko wachungaji wenyewe. Siku ya Alhamisi taa nne zikafika kutoka Uvira, nyeupe, kila moja na wavu wake wa chuma.

Arlette alizifunga siku hiyohiyo. Nilikaa kwenye ndoo nikimtazama. Alifunga bomba la chuma mbele, juu ya usukani, akapanga taa: mbili zimeinama karibu na magurudumu, mbili zinatazama mbali. Alikwangua rangi ya chasisi mpaka chuma king'ae, akaunga hapo waya mweusi. Waya mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto, aliupitisha ndani ya bomba mpaka chini ya kiti, kwenye batri. Katikati akaweka fyuzi.

Bertin alikuwa amesimama pembeni akila muhogo wa kuchoma.

"Ya Arlette, dada yangu, unafunga moto ao unafunga mtumbwi? Kesho ndagala zitanifuata mpaka Lulenge."

"Nyamaza we. Mwezi wa tatu nani alianguka ndani ya mutaro kama furushi ya nguo?"

"Ile mutaro iliniruka mbele!"

"Mutaro haina miguu. We ndio hauna macho. Sasa mi nakupa macho ine."

Tukacheka. Alikaza nati ya mwisho, na taa zote nne zikawaka mchana kweupe, kali kiasi kwamba Bertin aliinua mkono kujikinga. Arlette akampa ufunguo namba kumi.

"Ukirudi nyumbani, unainua kiti, unalegeza hii, inazimika. Usipoteze."

"Na njiani?"

"Njiani utazima ya nini? Motere ikizunguka, batri inashiba. Waka mpaka asubuhi!"

Bertin akauangalia ufunguo, akautia mfukoni. Mimi nilipiga makofi. Naandika jambo hili kwa aibu: nilikuwapo, nilisikia swali na jibu, nikapiga makofi.

Saa kumi jioni Clarisse, muuguzi, akaja mbio. Kuna mwanamke katika kijiji kimoja juu ya Fizi, ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Bertin hakumaliza muhogo. Clarisse akapanda nyuma, wakaondoka, na taa nne zilionekana kwa muda mrefu hata jua likiwa juu.

Arlette alikusanya vifaa vyake polepole. Alikuwa na furaha isiyo na makelele, ile ya mtu aliyemfanyia ndugu yake kazi nzuri. Jua lilikuwa limegusa mlima alipofika Guy, mwendesha moto ya abiria, mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Prof, habari ya leo? Mama Arlette, nimepishana na Bertin huko juu. Aki ya Mungu, nilizani ni kamyo ya basoda, lori ya jeshi! Mi nilitoka barabarani, nikalala kwenye majani." Akacheka, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Kufika Kona Tatu, ile mataa inazimiwa wapi?"

Arlette akaanza kutafuta simu yake.

Kila anayetumia barabara hiyo anaijua Kona Tatu. Mlima unatazamana na mlima, bonde liko katikati, na ukiwa upande mmoja unaona chochote kinachowaka upande wa pili. Giza likiingia, dereva anayeteremka huzima taa kabla ya kona ya kwanza na kwenda taratibu kwa mwanga wa nyota mpaka darajani. Hufanya hivyo kwa kidole kimoja, bila kusimama. Wenye bunduki wanaokaa huko ni wa upande gani, tulishaacha kuuliza. Majina yao hubadilika kila msimu. Tunachojua ni kwamba hushuka kuifuata taa.

Na Bertin, ili azime, ilimlazimu kusimama, kumteremsha mgonjwa, kufungua kamba za godoro, kuinua kiti, kisha kutafuta nati kwa kupapasa.

Arlette alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga ya Clarisse, akapiga tena. Zaidi ya Fizi mtandao ni wa kubahatisha.

"Guy, nipeleke."

"Mama, saa hii? Mi niko na batoto."

"Na mi niko na mudogo wangu! Nipeleke, nasema!"

Guy alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesoma ili nijue la kufanya. Nilisema twende wote watatu. Tulifika kizuizini, mwisho wa mji, askari akashusha mti. Barabara imefungwa. Nilimpigia kelele, nikamwambia habari za katiba na za uhai wa raia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila hasira.

"Prof," akasema, "hata sisi huko hatupiti."

Arlette alikaa chini pale kizuizini na hakurudi nyumbani. Ya usiku ule sitayasimulia. Alisema neno moja tu, akiiambia mikono yake.

"Swichi moja."

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mihogo, tulisikia sauti za wanaume kutoka upande wa Fizi. "Badili! Badili!" Kilikuwa kipoyi, machela yetu ya miti miwili na blanketi. Wanaume wanane walikuwa wakikimbia, wanne wamebeba, wanne wakisubiri zamu. Ndani alilala mwanamke, macho wazi, na juu ya kifua chake kitambaa kilichojikunja kikilia. Clarisse alikimbia kando, miguu mitupu, vazi lake jeupe limejaa udongo.

Arlette alimshika mikono.

"Bertin iko wapi?"

"Mama alizaa kulekule kijijini," Clarisse akasema, akihema, kama aliyejiandaa kwa swali jingine. "Lakini damu ilikuwa mingi, tukasema tusingoje asubuhi. Kufika Kona Tatu tukaona matochi inashuka upande ya pili. Walishatuona zamani. Bertin akasema hata tukizima sasa watatufikia. Akatuteremusha ndani ya mihogo, mi na mama na mutoto. Akasema tusisogee."

"Na yeye?"

"Akaendelea na ile mataa. Mbio, mbali na sisi. Wote wakamufuata."

Wabebaji waliita zamu wakapita, wakielekea hospitali, na Clarisse ikabidi awakimbilie. Barabara ikawa tupu.

Kisha ukungu ukatoa kipoyi cha pili. Hiki kilikuwa na watu wanne tu, na hakuna aliyeita zamu. Wanaobeba mgonjwa hukimbia. Hawa walikuwa wakitembea, na walipomwona Arlette amesimama katikati ya barabara, yule wa mbele aliinamisha kichwa.

Kwetu mwanamke habebi kipoyi. Arlette alimwendea yule mtu wa mbele, akauweka mti begani mwake mwenyewe, naye yule akauachia. Hakufunua blanketi. Askari aliinua kizuizi, nao wakaingia mjini.